Habari za saratani zisiishie kwenye hofu

Mhariri,

Kila zinapotoka takwimu mpya za saratani, vichwa vya habari hubeba nusu tu ya habari. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walikadiria kuwa nusu ya waliozaliwa nchini humo baada ya 1960 wataugua saratani wakati fulani maishani. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ni mtu mmoja kati ya watano. Msomaji hushtuka, na ana haki. Tumbaku, pombe na unene wa kupindukia vimechangia, lakini sababu kubwa ni kwamba tunaishi miaka mingi zaidi, na saratani nyingi huja uzeeni.

Nusu ya pili haipewi nafasi. Huko England na Wales, mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne ndiye aliyeishi miaka kumi baada ya kugunduliwa. Kufikia 2010 ilikuwa nusu yao. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Leo, penye dawa na wataalamu, takriban watoto tisa kati ya kumi hupona. (Ya kongosho, kwa masikitiko, bado inaua wengi mno.)

Sasa basi, hawa wanaobaki hai ni wa nani? Dada yangu alipomaliza dripu za saratani ya titi aliambiwa arudi nyumbani, basi. Vidole vilikufa ganzi, akawa hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, na hakuna aliyemweleza kwamba baadhi ya dawa zile hudhuru neva. Nyingine, kama doksorubisini, zinaweza kudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye. Daktari atakayemwona wakati huo atajuaje alipewa nini na kwa kiasi gani?

Naziomba wizara za afya zihakikishe kila anayemaliza matibabu anatoka hospitalini na karatasi yenye majina ya dawa, kiasi cha kila dawa, sehemu zilizopigwa mionzi, dalili za kuangalia na tarehe za kurudi kliniki. Nanyi gazetini, mkichapa idadi ya wanaougua, chapeni na ya wanaopona, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile.

Msomaji wenu