Mvua ikidanganya

Tucson, Arizona, Marekani

Shoga yangu Zuhura,

Habari za Dodoma? Watoto hawajambo? Barua yako nimeipata. Umeniuliza inakuwaje mvua ya kwanza ikidanganya, mlenda pori uliochipua unakauka wote, halafu mvua ya pili ikija unaota tena wala hakuna aliyeupanda.

Umeniuliza mahali penyewe! Hapa mjini kuna kilima kinaitwa Tumamoc, na tangu mwaka 1982 watafiti wanafuatilia humo vimea vya jangwani vya msimu mmoja, vile vinavyochipua kwa mvua za majira ya baridi na kufa joto likianza kushika. Wanahesabu vilivyochipua, wanarudi kuangalia vipi vimekufa, vipi vimefika kuzaa, na vimeacha mbegu kiasi gani.

Jibu lako liko udongoni. Mvua ikinyesha, mbegu haziamki zote. Nyingine zinaendelea kulala hata mwaka wa pili, wa tatu. Zingeamka zote halafu mvua ikakatika, ukoo ungeishia hapo. Mtafiti mmoja, Dan Cohen, alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1966, na kilimani limeonekana kwa macho: aina ambazo uzazi wake unayumba sana mwaka hadi mwaka ndizo zinazobakiza mbegu nyingi zaidi chini, kama mama zetu wasivyomaliza mtama wa ghalani.

Ungekiona kimoja kinaitwa Erodium texanum! Mbegu yake ina mkia uliojisokota. Ukilowa unajinyoosha, ukikauka unajisokota tena, na kwa kuzungukazunguka hivyo mbegu inajichimbia ardhini yenyewe.

Linalonitia wasiwasi ni hili. Joto limepanda, kwa hiyo ungedhani vimea vinavyopenda joto ndivyo vitakavyoshamiri. Wapi! Utafiti uliotoka mwaka 2010 ulikuta vinavyostahimili baridi ndivyo vinavyoongezeka, kwa sababu mvua ya kuchipusha siku hizi inachelewa hadi baridi imeshaingia. Kwa hiyo kutazama joto peke yake hakutoshi kabisa, lazima tujue mvua imeanguka lini. Na akiba ya udongoni nayo ina kikomo: miaka mibaya ikifuatana, mbegu zinazeeka, zinaliwa na chungu na panya, na hakuna mpya zinazoingia.

Ndiyo maana nakuomba sana, mwaka huu niandikie tarehe mvua ya kwanza itakayonyesha, mlenda utakapochipua, na kama utafika kutoa mbegu. Muulize na bibi, zamani walikuwa wanaanza kuuchuma mwezi gani.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanaidi