Barua kwa Mwanangu Kuhusu Makao Mapya ya Doto

Njiro, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako, na kama nilivyotarajia, swali lako la kwanza lilimhusu Doto, simbilisi wako. Mwili wake ni mzima, kwani daktari wa mifugo amemkagua meno, macho na miguu asione kasoro. Lakini tangu mwenzake Kulwa afe, Doto hujikunyata pembeni mwa banda muda mwingi wa mchana, na ule mluzi wake mkali wa kudai majani kila aliposikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, siku hizi husikika kwa nadra. Kwa hiyo naona tumtafutie makao mapya, na ningependa uzielewe sababu zangu kabla hujahuzunika.

Simbilisi ni mnyama wa kundi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na jamaa zake wa porini hadi leo huishi kwa makundi, wakitahadharishana kwa sauti hatari inapokaribia. Nchini Uswisi jambo hili limewekwa hata katika sheria: tangu mwaka 2008 hairuhusiwi kumfuga simbilisi mmoja peke yake, nami naamini wametenda haki. Kila jioni nirudipo kazini humpakata Doto na kumpapasa, naye hutulia. Hata hivyo mkono wa mtu, uwe na upendo kiasi gani, hauwezi kumjibu kwa sauti anazozielewa, wala kulala ubavuni pake usiku wa baridi ya Julai.

Umeuliza kwa nini tusimtafutie mwenzake. Simbilisi kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 8, na Doto ameshaingia mwaka wa nne. Tukileta mdogo leo, huenda huyo ndiye atakayebaki mpweke kesho, nawe ukiwa bado bwenini. Tukileta dume, baada ya miezi miwili hivi tutakuwa na watoto, na majike miongoni mwao huweza kushika mimba kabla hata hawajatimiza miezi miwili. Sungura wa jirani hafai kabisa, kwa kuwa teke lake moja linaweza kumuumiza vibaya, na anaweza kubeba vijidudu visivyomdhuru yeye lakini vikamletea simbilisi ugonjwa wa mapafu.

Huko Tengeru yuko mama mmoja tunayesali naye, ambaye ana majike kadhaa katika banda pana lenye kivuli. Nilimuuliza bila kuzunguka kama huwachinja, maana unajua wengi huku kwetu hufuga simbilisi kwa kitoweo. Siwalaumu, lakini Doto hakulelewa kwa ajili hiyo. Alinijibu kwamba ni wa watoto wake, na kwamba yeye hunufaika na samadi yao bustanini. Huwalisha mabingobingo na majani makavu, pamoja na pilipili hoho kila siku, kwani simbilisi, kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Jambo moja tu lilinitia wasiwasi: mparachichi ulioinamia banda, kwa sababu majani yake ni sumu kwao. Nilipomweleza, alilihamisha banda siku ileile, na hapo ndipo moyo wangu ulipomkubali.

Doto atakaa kwanza wiki mbili katika tundu lake mwenyewe, mbali na wengine, ili tuhakikishe hana maradhi ya kuwaambukiza. Kisha watakutanishwa mahali pageni kwao wote, penye majani mengi na vijumba vyenye milango miwili, ili atakayefukuzwa asibanwe ndani. Watakimbizana na kunguruma mpaka wapangane nani mkubwa. Hiyo ni kawaida, ila wakiumana hadi damu itoke watatenganishwa. Wakimkataa kabisa, tumekubaliana kwamba atarudi kwetu, nami nitaanza kutafuta upya.

Doto ni wako, kwa hiyo sitampeleka kabla ya kupata jibu lako. Niambie kama nimpeleke sasa, au nisubiri likizo ili umkabidhi kwa mikono yako na kulikagua banda mwenyewe. Kwa maoni yangu ni heri aende sasa, kwa kuwa likizo bado iko mbali, na mwenye banda amekubali umtembelee kila utakapokuwa nyumbani. Nijibu mapema, mwanangu.

Akupendaye,
Mama yako