Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliye Trondheim, Norwei

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata, na pesa ya dawa za mama yako imefika. Kwa kawaida mambo kama haya ningekueleza kwa simu yakaishia baina yetu, lakini safari hii nimeamua kuandika hadharani, kwa kuwa nilikukosea mbele ya watu, na baadaye nikasema jambo lisilo kweli mbele ya watu wengine. Jina lako sitalitaja. Walio wetu watakujua, na wasio wetu hawana haja nalo.

Chanzo ni ile video yako ukianguka katika mchezo wa kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji. Sijui ni nani aliyeituma kutoka huko, ila ilipofika kwangu hapa Kasese, Uganda, ilikuwa imekwisha kupita katika simu za ukoo mzima, kuanzia Bwera hadi Fort Portal. Ni ya sekunde tisa tu: mtu mwenye helmeti anateremka, anauacha ukingo, skii moja inakwenda kombo, kisha ni vumbi la theluji na miguu juu. Aliyeirekodi aliikata kabla hujainuka, jambo ambalo mimi naliita uchokozi. Shangazi yako aliitazama mara nne huku ameshika kichwa. Jumapili iliyofuata tuliitwa nyumbani kwa mama yako, nami nikakalishwa katikati kama shahidi, kwa sababu katika ukoo huu ni mimi peke yangu niliyewahi kusimama chini ya kilima mnachorukia, Februari nilipokutembelea.

Nilianza kwa kuwasimulia baridi, maana hiyo ndiyo niliyoielewa vizuri zaidi. Unajua kwamba ujanani nilibeba mizigo ya wapanda mlima wa Rwenzori kutoka Nyakalengija hadi kambi ya Bujuku, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na tangu hapo nilijiona mtu aliyemaliza habari za baridi. Jioni ile ya Februari kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 14 chini ya sifuri. Vinyweleo vya puani viliganda nilipovuta pumzi ya kwanza, na theluji ililia chini ya buti kama wanga wa muhogo unavyolia ukiuminya kiganjani. Nilikuwa nimevaa soksi jozi mbili na suruali tatu, moja ikiwa yako, na bado nilihisi kama nimesimama pale bila nguo.

Nilitarajia kuona kitu kama vile vilima vikubwa vya Granåsen ulivyonionyesha mchana, ambako mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika mwaka 2025. Badala yake tulikuta kilima kidogo cha mazoezi, taa chache juu ya nguzo, kibanda cha mbao, na wazazi wa watoto waliotoka kazini moja kwa moja. Hakuna aliyeruka kabla ya kazi. Watu walijipanga kiubavu juu ya mteremko wa kutua na kuushindilia kwa skii zao, hatua kwa hatua kuelekea juu, hadi theluji ikawa ngumu na laini kama sakafu iliyopigwa udongo. Wenyewe wanaiita dugnad, na nilipokuuliza maana yake ulinijibu kwa neno la Waganda, bulungi bwansi, yaani kazi ya kujitolea kwa pamoja, nikaelewa papo hapo. Kwa kutaka kushiriki nikapanda na buti zangu kuwasaidia kukanyaga. Mzee mmoja alinishika mkono kwa upole na kunirudisha chini, kwa maana kila alama ya buti ni shimo, na shimo ni mguu wa mtoto uliovunjika. Watatu walikwenda kuyaziba mashimo yangu.

Pale nyumbani swali kubwa lilikuwa jinsi mtu anavyoweza kujirusha kutoka juu namna hiyo asivunjike. Nikachukua sinia la mama yako, nikaliegemeza kwenye kiti, nikaeleza kama ulivyonieleza wewe. Ule ukingo wa kurukia, ambao kila mtu anadhani umeinuka kama ubao wa kujirusha mtoni, umeinamia chini. Kwenye vilima vikubwa unainama kwa takriban nyuzi 11, na mrukaji anaufikia akiwa na mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, hivyo kinachomwinua ni miguu yake mwenyewe, anayoinyoosha kwa ghafla pale mwishoni kabisa. Akiwahi amepoteza, akichelewa amepoteza. Na ardhi iliyo chini yake haikai ikimngoja, bali nayo inateremka, kwa hiyo haanguki kama embe lianguka­vyo mtini. Anausindikiza mteremko, na hata yule anayeruka zaidi ya mita 100 huwa mita chache tu juu ya theluji. Hatari kubwa ni kupitiliza hadi pale mteremko unapoanza kulala na kuwa tambarare, kwa sababu hapo ardhi inampokea kwa nguvu yote. Ndiyo maana kila kilima kina alama yake iitwayo nukta K, inayohesabiwa kwa mita kutoka ukingoni, na chenu kilikuwa cha mita 20. Binamu yako wa Hima alicheka aliposikia mita 20. Nilimwambia atoke nje aruke urefu wa lori moja, kisha tuendelee na mazungumzo.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza. Kabla yako aliruka msichana ambaye hajazidi miaka minane, akatua, akageuka na kurudi kwenye ngazi kama anayekwenda kuchota maji. Kisha nikakuona wewe juu, umeketi kwenye boriti ya kuanzia, skii zako ndefu zikiwa ndani ya ile mifereji miwili ya barafu, huna hata fimbo mkononi. Mwalimu alikuwa kando ya ukingo, mkono ameuinua. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nikapiga kelele kwa sauti ya kambi ya wachimba shaba wa Kilembe nilikozaliwa: "Shuka! Mama, shuka hapo!"

Wale wazazi walidhani ndivyo tunavyoshangilia watu wetu. Wakaitikia kwa pamoja, "Shuka! Shuka!", wakipiga makofi ndani ya glovu nene, makofi yasiyo na sauti. Katika watu wote waliokuwa pale ni wewe tu uliyejua maana ya neno lile. Ungeweza kujifanya hukusikia. Ulisogea pembeni ya boriti, ukazifungua skii, ukaziweka begani na kushuka kwa ngazi mbele ya watu wote, kwa sababu aliyesema ni mjomba wako, na makofi yakafifia moja moja. Hukunilaumu. Ulinimiminia sharubati ya moto kutoka kwenye chupa yako ya chai, ukangoja ninywe, ukasema, "Mjomba, nikishuka kwa ngazi sijafanya mazoezi." Kisha ukapanda tena.

Kwa hilo nakuomba radhi mbele ya kila anayesoma. Sikuogopa kwa ajili yako peke yako. Niliogopa kurudi kwa dada yangu na habari mbaya, na hofu hiyo nikaitupa mabegani mwako wakati unahitaji utulivu kuliko kitu kingine chochote.

Kosa la pili hulijui. Mkono wa mwalimu uliposhuka, nilifumba macho.

Sikuuona mruko wako. Niliusikia. Nilisikia skii zikikwaruza barafu ya mifereji, mlio mwembamba unaokua kama mvua inayokuja juu ya mabati, halafu kishindo kidogo, halafu kimya. Sijapata kusikia kimya cha namna ile. Bila shaka hakikufika hata sekunde mbili, lakini nilipata nafasi ya kumfikiria mama yako, baba yako marehemu, na bei ya tiketi ya ndege. Kisha pa! Skii zote mbili kwa pamoja. Mtu aliyesimama kando ya mteremko kupima kwa macho akaita namba, na mtoto aliyekuwa karibu nami akanionyesha vidole kumi, kisha vinne. Nilipofumbua macho ulikuwa umekwisha kufika kwenye tambarare na unageuka, theluji ikiruka nyuma yako chini ya taa.

Sasa fikiria nilivyokuwa Jumapili ile, watu zaidi ya ishirini wakiniuliza, "Lakini wewe ulimwona?" Nikasema, "Nilimwona kwa macho yangu mawili."

Uongo ukiketi mlangoni, ya kweli nayo hupita. Shangazi yako aliposema kwamba mchezo huo si wa mwanamke, nilikuwa na majibu uliyonipa mwenyewe ndani ya basi. Nilimwambia kwamba wanaume wameruka katika Olimpiki za majira ya baridi tangu zile za kwanza za Chamonix mwaka 1924, na wanawake wakafunguliwa mlango mwaka 2014 huko Sochi, miaka 90 baadaye, medali ya kwanza ya dhahabu ikaenda kwa Mjerumani Carina Vogt. Kabla ya hapo wanawake walikwenda hadi mahakamani nchini Kanada wakitaka kuruka katika michezo ya Vancouver ya 2010, wakashindwa, na baadhi ya wakubwa wa mchezo walikuwa wakitoa hoja ileile ya shangazi kuhusu mwili wa mwanamke. Kisha nikampa habari za nyumba ya akina Prevc huko Slovenia: Machi 2025 binti yao Nika aliruka mita 236, akaweka rekodi ya dunia ya wanawake, na mwezi huohuo kaka yake Domen akafika mita 254.5. Shangazi aliuliza kama wazazi wao wako hai. Nikamwambia nadhani wako hai na wanalala usingizi.

Mama yako alitaka kujua kama mnanyimwa chakula ili muwe wepesi, kwa kuwa picha za Krismasi zilimwonyesha mashavu asiyoyajua. Hofu hiyo si ya kipuuzi, kwa sababu mchezo huu umewahi kuwakondesha watu kupita kiasi, hata ikawekwa sheria kwamba mshindani aliyekonda mno hupunguziwa urefu wa skii, na skii fupi humbeba vibaya hewani. Nilimhakikishia kwamba wewe ni muuguzi unayeruka jioni mbili kwa wiki baada ya zamu, na kwamba nilikuona ukimaliza sahani mbili za viazi. Hilo nililiona kweli.

Bibi yako hakusema kitu muda wote. Unakumbuka alivyotukataza sisi sote kuinyoshea kidole theluji ya Rwenzori asubuhi mawingu yanapofunguka, kwa kuwa Nzururu, kama tunavyoiita theluji hiyo, si kitu cha kuonyeshwa kwa kidole. Barafu ile imepungua sana tangu tulipokuwa watoto, na siku nyingi sasa tunautazama mlima tukiona miamba mitupu. Mwishoni aliuliza kama theluji ya huko ni hiyohiyo. Nikasema ni hiyohiyo. Akauliza, "Na yeye anaikanyaga?" Nikasema unaikanyaga, tena mnaishindilia kwanza kwa heshima ili isimwumize mtoto. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo sijui kama ni ya kukubali au ya kushangaa, akaomba chai.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimenogewa, nikawaeleza habari za Msweden Jan Boklöv, ambaye katikati ya miaka ya 1980, wakati kila mtu akiruka na skii zilizo sambamba, alianza kuzitanua ncha za mbele mfano wa herufi V. Majaji walimkata alama za mtindo, lakini alikwenda mbali kiasi kwamba msimu wa 1988/89 alitwaa Kombe la Dunia, na miaka michache baadaye karibu wote walikuwa wakimwiga. Nilichukua miiko miwili ya ugali jikoni kuwaonyesha: hivi ndivyo ilivyokuwa, na hivi ndivyo ilivyo sasa. Mama yako akainama mbele, macho kwenye ile miiko, akaniuliza taratibu, "Na mwanangu alizitanua hivyo?"

Nikasema ulizitanua hivyo hasa.

Tangu siku ile ameiweka ile miiko juu ya kabati, imetanuliwa, na anayeingia anaelezwa. Naomba unijibu kwa simu, usiku, asipokuwa karibu: mita zile 14 ulizitanua, au zilikuwa sambamba?

Mjomba wako,
Kasese