Barua kwa Chebet: pima kasi ya fikra kabla ya kuzungumzia dawa

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Chebet,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Nimeisoma barua yako mara mbili. Unataka kujua utumie vipimo gani kwa wagonjwa wa MS (multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo) hapo Nakuru, na kama maswali yaliyotungwa ng'ambo yatawafaa watu wetu. Yatafaa ukiyarekebisha kwanza. Ukiyachukua yalivyo utapima vitu vingine kabisa, na hutajua.

Kwanza, usizitegemee kadi za kliniki. Daktari wa neva huandika alama za ulemavu ziitwazo EDSS, zile alizozitunga Kurtzke za 0 hadi 10, na kuanzia 4 kwenda juu kinachoamua karibu kila kitu ni miguu: wa 4 anatembea mita 500 bila msaada wala kupumzika, wa 6 anahitaji mkongojo kufika mita 100, wa 7 yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu mwenye alama 2 anatembea hadi steji na kurudi, ila madaftari aliyokuwa akiyasahihisha jioni moja sasa yanamla siku tatu. Kadi yake inasema hajambo. Tafiti nyingi hukuta kati ya 40 na 65 katika kila wagonjwa 100 wana tatizo la kufikiri, na aghalabu huanza mapema. Kinachopungua kwanza ni kasi ya kuchambua habari, pamoja na kumbukumbu ya mambo mapya na uwezo wa kupanga. Lugha kwa kawaida hubaki nzima, na hapo ndipo sote tunapodanganyika: mtu anaongea vizuri dakika kumi nzima, unamwandikia kwamba fikra ziko sawa.

Ukiwa na nafasi ya kipimo kimoja tu, chukua SDMT, kipimo cha kasi ya kufikiri. Juu ya karatasi kuna alama tisa za kuchorwa, kila moja na tarakimu yake, 1 hadi 9. Chini kuna safu za alama bila tarakimu. Mgonjwa anataja tarakimu, wewe unaandika. Kumi za mwanzo ni za mazoezi, halafu sekunde 90 za saa ya kweli, si za kukisia. Hesabu majibu sahihi pekee; ya juu kabisa ni 110. Tumia namna ya kutamka, usimpe kalamu, kwa kuwa mkono wenye ganzi utakupa ugonjwa wa mkono ukidhani ni wa kichwa. Mpime macho kabla: neva ya jicho huvimba sana kwenye MS, na asiyeona alama vizuri huonekana mzito wa akili. Na kipimo hicho kina mwenyewe, kwa hiyo omba ruhusa badala ya kukitoa fotokopi.

Sasa tatizo ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii. Tarakimu za Kiswahili, kuanzia moja hadi tisa, zote zina silabi mbili. Za Kiingereza zina silabi moja, isipokuwa ya saba. Za Dholuo? Adek na abich ni fupi, lakini abiriyo ina silabi nne. Mtu yuleyule, ubongo uleule, anaweza kupata alama tofauti kwa sababu ya mdomo tu. Nawe unajua watu wetu: anaanza kwa Kiswahili, akikimbizwa na saa anarukia Kiingereza cha shule. Tofauti ya alama 4 kati ya kipimo na kipimo ndiyo huchukuliwa kuwa mabadiliko yenye maana. Alama 4! Lugha peke yake yaweza kuzila. Muulize tangu mwanzo anahesabu pesa kwa lugha gani sokoni, tumia hiyo, iandike kwenye fomu, na mwaka ujao usiibadilishe. Ukirudia kipimo, tumia karatasi ya pili yenye mpangilio mwingine, maana watu hujifunza ile ya kwanza.

Ukiweza kupata robo saa, fanya BICAMS nzima, yaani mkusanyiko wa vipimo vitatu vifupi vya fikra. SDMT imo ndani yake. Inaongeza maneno 16 yanayosomwa kwa sauti mara tano, na picha sita za maumbo zinazoonyeshwa sekunde 10, mara tatu. Picha hazina shida sana, ingawa mzee ambaye hajashika penseli miaka 30 atachora vibaya hata kama anakumbuka vizuri. Hapo alama hutolewa kwa umbo na mahali, si kwa uzuri. Maneno ndiyo kazi. Usiyatafsiri. Yale ya asili yamepangwa katika makundi manne ili uone kama mgonjwa anayapanga kichwani, kwa hiyo tunga makundi yako ya vitu vinavyojulikana kwa kiwango sawa Njoro, Molo na mjini. Jihadhari na mboga. Ukisoma "mnavu", mmoja atakujibu "managu", wa huku atasema "osuga", na wote wawili wamekumbuka. Utawapa alama au hutawapa? Amua kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mimi ningelitoa neno hilo kabisa nikaweka "kabeji". Sukuma wiki nayo ni maneno mawili, iache.

Mpaka wa nani ana tatizo na nani hana, usiuchukue Marekani. Miaka ya shule inasukuma alama hizi kwa nguvu, na mtu wa darasa la nane ataonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Wapime wasindikizaji wasio na MS, uwalinganishe kwa umri, jinsia na miaka ya shule. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini bila hiyo hutaweza kusema lolote. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI vinawahusu wasindikizaji pia. Wengi hukumbuka wagonjwa tu.

Kuhusu saa: asubuhi. Mwili ukipata joto, neva iliyopoteza utando wake hupitisha ujumbe vibaya; ndiyo hali inayoitwa kwa jina la Uhthoff, daktari wa macho aliyeieleza mwaka 1890. Nakuru kuna afadhali kuliko huku, lakini aliyesimama juani akingoja matatu kutoka Bahati ameshapata joto. Mpe maji na nusu saa ya kukaa kivulini. Usimpime aliye katikati ya mlipuko wa dalili wala aliyetoka kupewa steroidi juzi. Ngoja kama mwezi.

Huzuni na uchovu nazo hupunguza alama, kwa hiyo zipime siku hiyohiyo. PHQ-9, fomu ya maswali tisa ya huzuni, ipo kwa Kiswahili, ila inauliza usingizi, uchovu na umakini, vitu ambavyo MS yenyewe huviharibu, hivyo jumla itapanda bila huzuni kuwepo. HADS, fomu nyingine ya wasiwasi na huzuni, imeviepuka vingi vya mwili, naipendelea kwa sababu hiyo. Ukitumia PHQ-9, swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru: uwe umeshapanga nani atamwona mgonjwa siku ileile akijibu ndiyo.

Hali ya maisha utaipima kwa fomu ya maswali ya MSQOL-54 au MSIS-29. Ile ya maswali 54 inauliza kuhusu kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Hapana, Chebet. Weka kubeba mtungi wa lita 20, kufua blanketi, kupalilia. Kisha mpe mtu mwingine aitafsiri kurudi Kiingereza bila kuona ya awali, na uwasomee wagonjwa watano wakueleze kwa maneno yao swali linauliza nini. Humo mna maswali ya tendo la ndoa. Mume asiwe chumbani, wala mama mkwe.

Nimefika kwa dawa. Anayechelewa kuchambua habari hawezi kuchagua baada ya kumwagiwa habari zote kwa pumzi moja. Ataitikia kwa adabu, atakwenda nyumbani, na sindano zitalala kwenye friji ya jirani. Kwa hiyo SDMT itangulie, matokeo yamfikie daktari kabla ya mazungumzo. Zungumza jambo moja, nyamaza, mwombe alieleze kama angemweleza dada yake, ndipo uende la pili. Hatari itaje kwa watu: "katika watu 100 kama wewe, wangapi". Neno "nadra" kila mtu analisikia kivyake. Mpe karatasi, na umpe wiki moja arudi.

Kabla ya hapo lakini, wawe wamehakikisha si NMO, ugonjwa mwingine wa neva, kwa kipimo cha damu cha kingamwili za AQP4. Inafanana na MS machoni na kwenye uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta na fingolimodi, zinaweza kuizidisha.

WHO iliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023: glatirama, kladribini na rituksimabu. Andika kila moja inamdai mgonjwa nini. Glatirama ni kujidunga kila siku miligramu 20, au 40 mara tatu kwa wiki, na inataka ubaridi. Kladribini ni vidonge vya siku chache chache, zisizozidi 20 kwa miaka miwili, ila mimba haitakiwi kabisa wakati wa dawa na miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Rituksimabu ni dripu hospitalini. Homa ya ini ya B ipimwe kabla, kwa sababu inaweza kuamka, na huku kwetu usiache kuulizia kifua kikuu. Swali la kwanza la mgonjwa huwa si lolote kati ya haya. Huwa ni kama dawa itapatikana mwaka ujao. Liweke kwenye fomu, kwa kuwa linaamua mengi: fingolimodi ikikatika ghafla, ugonjwa waweza kurudi kwa ukali, na ikianzishwa upya baada ya pengo la zaidi ya wiki mbili moyo huangaliwa tena kama dozi ya kwanza, saa 6.

Nitumie orodha yako ya maneno 16 kabla hujaichapa, pamoja na ile karatasi ya wasindikizaji. Nisalimie Mama, na hao watoto.

Wako,
Akinyi