Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Simu, Wazee na Njia ya Mferejini

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Dar es Salaam na Dodoma, mtandao ukiwaruhusu,

Kwa desturi mwenyekiti huanza na mapato na matumizi. Mwaka huu nimemwomba mhazini ayasome mwenyewe kabla ya chakula, maana hayana mengi: ada zimelipwa kwa kuchelewa kama kawaida, sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwenye bando na vocha za wanaoshika zamu, na hatudaiwi. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotusumbua tangu Januari, la wazee wanaopotea njia, ambalo mimi mwenyewe nina mkono ndani yake.

Chama hiki tulikianza kwa miguu. Tulikuwa maafisa ustawi wa jamii, wengine wastaafu, tukipanda na kuteremka Machame na Kibosho kuwatembelea wazee walioanza kusahau na watoto wao walioanza kuchoka. Magoti yalipogoma na nauli ya bodaboda ilipopanda, tukahamia kwenye simu. Leo karibu kazi yote inafanyika WhatsApp: mtu anaandika, au anatuma sauti ya dakika sita akiwa ndani ya daladala, na aliye zamu anamjibu. Sitaki kuibeza kazi hii. Mtoto aliye Mwanza, mwenzake aliye Muscat na mjukuu anayelala na bibi yake kijijini wanakaa kundi moja na kusikia ushauri mmoja. Zamani kikao cha ukoo cha namna hiyo kilitugharimu safari tatu, na bado shangazi mmoja angesema hakuambiwa.

Ila simu haina miguu.

Januari ndiyo masika yetu. Watoto wanapanda Kilimanjaro kwa Krismasi, wanakaa wiki moja, wanamsikia mama akiuliza swali lilelile mara nne huku anamenya ndizi, kisha wakirudi mjini wanatuandikia. Binti mmoja aliandika usiku wa zamu yangu. Ameniruhusu nisimulie bila majina. Mama yake ana miaka themanini na kitu, alikuwa akiishi peke yake kihambani, yaani kwenye shamba la familia lenye nyumba yao, na majina ya wajukuu yalikuwa yanamponyoka. Nikaifuata fomu yetu: anajua leo ni siku gani? Anakumbuka alichokula asubuhi? Anawatambua watu? Majibu hayakuwa mazuri. Nikamwambia binti, kwa kiburi cha mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi, wamchukue mama wakae naye Dar es Salaam.

Wiki ya tatu akapotea. Aliamka usiku kutafuta choo, akafungua mlango wa nje badala ya ule wa chooni, akatembea. Kulipokucha alikutwa kituo cha daladala, mzima, akiwauliza watu mfereji uko wapi. Binti aliponipigia ndipo nikajua kwamba kule kihambani mama yule alikuwa akienda mferejini, kanisani na kwa wifi yake kila siku, na hakuwahi kukosea njia. Sikuwa nimeuliza. Fomu haikuwa na swali hilo, na mimi nilikuwa naisoma fomu, simsikilizi binti.

Vikao vya kusoma vya Jumamosi, ambavyo baadhi yenu mlivilalamikia kuwa ni vya kisomi mno, vilitokana na simu ile. Mwenzetu anayesoma shahada ya uzamili alitutafutia tafiti kuhusu kumbukumbu ya mahali, tukazisoma polepole, kamusi mkononi.

Ulionikamata mimi ni wa mwaka 1999, wa Edmond Teng na Larry Squire, kutoka California. Mgonjwa wao anajulikana kwa herufi tu, E.P. Maambukizi yalikuwa yameharibu hipokampasi yake pande zote mbili, yaani kile kisehemu cha ndani ya ubongo ambacho bila hicho mambo mapya hayashiki. Mtaa aliohamia baada ya kuugua hakuweza kuujifunza hata kidogo. Lakini walipomuuliza njia za eneo alikokulia, alikoondoka zaidi ya miaka 50 nyuma, alizieleza sawa na watu wengine waliokulia hukohuko. Hata walipomwambia achukulie kwamba barabara kuu zimefungwa, alipata njia nyingine ya kuzunguka. Niliposoma hapo niliiweka karatasi mezani, nikatoka nje kidogo.

Ili nisieleweke vibaya: E.P. hakuwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Ugonjwa huo ukisonga mbele unakula hata njia za utotoni, kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema mwenyekiti amefundisha kuwa mzee akiachwa kijijini amepona. Ninachosema ni kwamba tulimhamisha mama kutoka mahali alipopashika kwa miaka sitini, tukamweka mahali ambapo ubongo wake haukuwa tena na uwezo wa kupashika.

Na kwa nini njia? Mwaka 1971 John O'Keefe, akichunguza panya jijini London, alieleza seli za hipokampasi zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani tu. Akihama, nyingine zinawaka. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser na wenzao, huko Trondheim, Norway, wakaonyesha kwamba katika eneo jirani kuna seli zinazoupima uwanja kama mtu anayepima shamba kwa kamba. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya 2014. Kwetu lenye uzito ni hili: eneo hilo la pili liko miongoni mwa yanayoshambuliwa mapema na Alzheimer. Kupotea njia si jambo dogo la kusubiri "mambo yakizidi". Mara nyingi linabisha hodi mapema, na sisi tulikuwa tunauliza tarehe. Mkulima gani mstaafu anahitaji kujua tarehe?

Kuhusu madereva teksi wa London nitapita haraka, maana mmewasikia mpaka mmewachoka. Wanakariri mitaa ipatayo 25,000, na Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Mzee Katibu ameomba iingie kwenye kumbukumbu za chama kwamba naye aliwahi kuendesha Hiace.

Mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest ulituchukua Jumamosi mbili nzima. Ulitoka mwaka 2016: mchezaji anaangalia ramani, ramani inaondoka, kisha anaendesha mashua kwa kukumbuka. Zaidi ya watu milioni 4 waliucheza, na watafiti wakapata kwa simu kile ambacho maabara ingekihangaikia miaka. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, wa watu 397,162 kutoka nchi 38, waliokulia nje ya miji walijua njia kuliko waliokulia mijini, hasa pale ambapo mitaa ya miji imenyooka kama ya Chicago. Wanachama wa kihambani walipiga makofi. Vijana wetu wakataka mara moja tuwatumie wazee mchezo wa aina hiyo tuwapime kwa mbali. Nilikataa, na bado nakataa. Anayecheza ni mwenye simu janja na mazoea nayo. Bibi ambaye hajawahi kutelezesha kidole kwenye kioo akishindwa kuendesha mashua, mtakuwa mmepima simu, hamkumpima bibi.

Na hapa hapa wilayani Hai kuna mfano bora. Watafiti waliopita vijijini kuwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea walikadiria, katika matokeo ya 2013, kwamba asilimia 6.4 wana dimensia, yaani kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo. Baadaye kikatengenezwa kipimo kifupi kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakukaa darasani, IDEA, na ndani yake mzee haombwi kuchora kwa kalamu. Anapewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Uwezo wa kuona mpangilio unapimwa kwa kitu ambacho kila jiko linacho. Nataka wote wanaoshika zamu wajifunze kipimo hicho kwa mwenye ujuzi kabla ya Desemba. Si ili wakifanye kwa simu, ila wajue lini waseme "mpelekeni hospitali apimwe".

Tulichokwisha kubadilisha ni kichache. Swali la kwanza la fomu sasa ni: akitoka peke yake huenda wapi, na hurudi vipi? Jibu likiwa "hatujui", tunamwomba aliye naye karibu atembee naye, kisha atusimulie kwa sauti. Familia ikilazimika kumhamisha mzee, tunaiomba ituoneshe kwa video njia ya kutoka kitandani hadi chooni, nasi tunajibu mambo ya kawaida kabisa: taa iwake usiku kucha, mlango wa choo ubaki wazi, wa nje ufungwe kwa komeo la juu, kitanda kikae upande ambao alizoea kuamkia. Ni kazi ya dakika ishirini, na ningeifanya Januari ningelala vizuri zaidi mwaka huu.

Mama yule alirudishwa kihambani mwezi wa nne, na mpwa wake anakaa naye. Mferejini anakwenda. Mwezi uliopita, hata hivyo, alikutwa ameketi kihamba cha jirani akimsubiri mumewe, ambaye ni marehemu. Mpwa alikaa naye mpaka akataka mwenyewe kuondoka.

Limebaki moja. Kijana mmoja alimshonea mama yake simu ndani ya mfuko wa aproni, ikawa inaonyesha mahali alipo, ndugu kumi na mmoja wakimtazama kwenye kundi. Mama alipojua aliuliza, "Nani ananichungulia?" Mwanasheria wetu anatukumbusha kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba hata sauti zinazozagaa kwenye makundi yetu zinaangukia humo; mwaka huu moja ilisambazwa nje, na aliyeisambaza ameshaomba radhi kwa familia. Kuhusu aproni, nusu ya kamati inasema uhai kwanza, nusu inasema mama aliuliza swali la haki. Mimi niko upande wa mama, ila nimewahi kukosea kwa simu, kwa hiyo sikutumia kura yangu ya mwenyekiti.

Fomu mpya mnayo mikononi, ukurasa wa mwisho. Swali la saba, la kumfuatilia mzee kwa simu, limeachwa tupu. Tutalijaza leo baada ya mhazini, kwa kunyoosha mikono, na walio kwenye simu wataje majina yao wakisikia wanaitwa.