Barua kwa Mwanangu: Kutania si Kudhihaki

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipoandika kwamba ulipomwigiza mwenzako mwenye kigugumizi mbele ya wenzenu "ulikuwa unatania tu". Sina shaka kwamba hukukusudia ubaya. Hata hivyo, neno ulilolichagua silo la tendo ulilolitenda, na kwa kuwa Kiswahili kimetupa maneno mengi ya kutenganisha mambo haya, nimeona nikueleze kwa utulivu.

Utani ni wa watu wawili. Ukiwa mtani wangu, nami ni mtani wako. Babu humtania mjukuu, mjukuu naye akamrudishia, na hakuna anayeuhesabu huo kuwa utovu wa adabu, kwa sababu uhusiano wao umekwisha kutoa ruhusa kabla neno lolote halijatamkwa. Twasema "wanataniana" kila siku, ilhali "wanadhihakiana" ni nadra kusikika, kwa kuwa dhihaka aghalabu huenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye na jibu. Jiulize, basi, mwenzako angekurudishia nini, tena kwa ulimi ule ule uliokuwa ukimkwamisha?

Neno dhihaka tumelipata katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa kucheka, lakini kwetu kicheko hicho hakitengani na dharau. Wala huhitaji kwenda mbali kuyaona haya, kwani kitenzi chetu cha kucheka kinatosha. Kucheka na mtu ni kushiriki furaha moja. Kumcheka ni kumfanya yeye ndiye kichekesho. Kumchekea ni kumwonyesha uso wa upole, hata pale asipostahili, kama wasemavyo wazee kwamba ukimchekea nyani utavuna mabua. Kiungo kidogo hivyo katika neno ndicho kinachoamua kama mtu amekaribishwa au ametengwa. Siku ile wewe ulidhani mnacheka naye, lakini ninaamini kwamba yeye, akisimulia nyumbani kwao, alisema: "Walinicheka."

Mzaha na masihara ni mambo mengine, kwa maana hayo hayahitaji mtu wa kulengwa. Mtu huweza kufanya mzaha hata na kazi yake, yaani kutoipa uzito, na hapo ndipo tunapoambiwa kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Kejeli hutaka akili zaidi, kwani hulionyesha jambo jinsi lilivyo la kipuuzi, na waandishi wanapoielekeza kwa watawala wenye kiburi mimi huiheshimu sana. Kebehi haina hata kicheko. Kijembe nacho hurushwa bila kutaja jina, lakini mlengwa hukisikia kikimkata, na mrushaji huweza kukana kwamba alimkusudia yeye. Kwa sababu ya uwoga huo, mimi hukichukia kuliko dhihaka ya wazi.

Umeandika pia kwamba mwenzako mwenyewe alicheka, na kwa hiyo hakuumia. Hapo, mwanangu, ndipo moyo wangu ulipouma. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikichechemea, na wenzangu waliiga mwendo wangu kila tulipopanga mstari. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa ningenyamaza wangejua kwamba wamenipata, na kwa kucheka nilibaki angalau miongoni mwao. Hakuna aliyeniuliza kama ule ulikuwa utani. Kicheko cha anayechekwa hakikuhakikishii lolote, kwani mara nyingi ndiyo nguo pekee aliyo nayo ya kujisitiri.

Sikukatazi kutania, maana nyumba isiyo na utani huwa na ubaridi wake, na wewe una kipaji cha kuwafurahisha watu ambacho sipendi kipotee. Ninalokuomba ni kwamba umwendee mwenzako mkiwa wawili, bila hadhira, na umwambie, "Nilikudhihaki," bila kuongeza neno "tu". Kisha umngoje amalize anachotaka kusema, hata kikichukua muda mrefu, wala usimmalizie sentensi.

Niandikie utakapokuwa umekwisha kuonana naye.

Mama yako akupendaye