Kifaru kilichotekwa kina rangi mbili, si moja

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu kuunda modeli za plastiki za vifaru vya kivita ilieleza vizuri kazi ya kukata, kusugua na kubandika. Ilipofika kwenye vifaru vilivyotekwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliishia kusema mtu apake rangi ya jeshi lililokiteka, abandike alama, kisha akichakaze kama kingine chochote. Hapo hatukubaliani nanyi. Kifaru cha namna hiyo kimepita mikononi mwa majeshi mawili, na kila jeshi limeacha tabaka lake juu ya chuma. Asiyefuata mpangilio wa matabaka hayo, hata akiwa na mkono mwepesi wa brashi, kazi yake itaonekana ngeni kwa yeyote aliyewahi kutazama picha za wakati ule.

Tuchukue T-34, kifaru cha Kisovieti, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoanza nayo. Machi 1943 Wajerumani waliuteka tena mji wa Kharkov (leo Kharkiv, Ukraine), na karakana za kiwanda cha matrekta cha mji huo zikatumika kukarabati T-34 walizozikamata. Zikapewa divisheni ya Das Reich ya Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi, na Julai mwaka huo zikaingia vitani Kursk, Urusi. Kwa Wajerumani kifaru hicho kiliitwa Panzerkampfwagen T-34 747(r), herufi ya mwisho ikionyesha kuwa asili yake ni Urusi, kama (f) ilivyoonyesha Ufaransa.

Kabla ya kufungua sanduku, chagua picha moja ya kifaru kimoja na ujue ni ya mwezi gani. Tarehe ndiyo inayoamua rangi. Amri ya Februari 1943 iliondoa kijivu kilichokoza cha vifaru vya Ujerumani, RAL 7021 (RAL ni namba za rangi za Kijerumani), ikaleta njano yenye vumbi, RAL 7028. Kwa hiyo T-34 iliyotekwa mwaka 1942 ama ilipakwa kijivu, ama ilibaki na kijani chake cha kiwandani, kilichoitwa 4BO, ikaongezewa tu misalaba mikubwa ya Kijerumani. Njano ni ya mwaka 1943 na kuendelea. Kuchanganya picha tatu za vifaru vitatu ndilo kosa linaloharibu modeli nyingi kabla gundi haijafunguliwa.

Kuunganisha vipande hakuna siri kubwa. Pima tundu la mzinga: bomba la milimita 76.2 katika kipimo cha 1/35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko kifaru chenyewe, lina tundu la karibu milimita 2.2. Kama kipande cha kwenye sanduku kimezibwa, anzisha tundu kwa ncha ya sindano katikati kabisa, kisha toboa kwa keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 2, ukizungusha polepole. Ukiharakisha plastiki huyeyuka na tundu huhama. Mnara wa pembe sita kwa kawaida ulikuwa wa kusubu, yaani wa chuma kilichomiminwa kalibuni, hivyo usiuache laini kama sahani. Paka gundi ya maji, ile nyepesi inayoyeyusha plastiki, subiri ilainishe uso, kisha gongagonga kwa brashi ngumu. Bamba za mwili, kinyume chake, zilikuwa za chuma kilichopitishwa kwenye roli, na zibaki laini.

Alama za mmiliki mpya ni za kuongezwa kwa uangalifu. Baadhi ya T-34 hizi zilitobolewa mnara na kuwekwa kuba ya kamanda ya kutazamia nje, iliyotoka kwenye vifaru vya Kijerumani vya Panzer III au IV, mahali pa kifuniko kimoja. Nyingine ziliwekewa mbele taa ya Notek, taa ya Kijerumani ya mwanga uliofichwa, sanduku la vifaa, jeki na zana za Kijerumani. Usiziweke zote kwa sababu tu unazo. Weka zile zinazoonekana kwenye picha yako. Kuba ikikaa, izungushie mshono wa weldi: vuta uzi mwembamba kutoka kwenye fremu ya plastiki inayoshika vipande sandukuni, ikiwa imepashwa moto, ubandike, ulainishe kwa gundi ya maji, kisha uubonyeze kwa ncha ya kisu ili upate mikunjo. Vifaru vingi vilivyotekwa vilikuwa vimepigwa kwanza, kwa hiyo kiraka kilichochomelewa juu ya shimo la kombora, au gurudumu moja la chuma kati ya magurudumu yenye mpira, vinasema ukweli zaidi kuliko kutu nyingi.

Cheni inahitaji subira. T-34 ina pingili 72 kila upande, na katika aina ya kawaida pingili yenye jino hufuatwa na isiyo na jino. Haina magurudumu madogo ya juu ya kubeba cheni, kwa hiyo sehemu ya juu hulala kwenye magurudumu makubwa kwa uzito wake. Cheni ya mpira inayotoka kwenye sanduku huelea hewani, na kosa hilo linaonekana hata kwa asiyejua vifaru. Tumia pingili za kuunganisha moja moja: zipange kwenye ukingo ulionyooka, zipakie gundi ya maji, subiri kama dakika 20 hadi zipinde bila kukatika, zizungushie magurudumu bila kuzibandika kwayo, kisha zikandamize kwa vipande vya sponji hadi zikauke. Ukiwahi, zinaachana, ukichelewa, zinavunjika kwenye kona.

Sasa rangi. Puliza praima, kisha kijani 4BO mwili mzima, na uichukulie kama rangi ya mwisho: paka namba nyeupe za Kirusi ubavuni mwa mnara ikiwa picha inaonyesha alama zake, chakaza kidogo kwenye ngazi na vifuniko. Ifunike kwa vanishi ya nusu mng'ao na uiache saa 24. Baada ya hapo puliza spreyi ya nywele mara mbili, tabaka jembamba, kutoka umbali wa sentimita 25 hivi. Ikikauka kwa dakika 15 au 20, puliza njano ya akriliki iliyochanganywa na maji, nyembamba kiasi cha kuacha kijani kionekane kwa mbali kwenye pembe. Wafanyakazi wa karakana walipuliza haraka, na nyuma ya vishikio na chini ya mzinga rangi haikufika vizuri.

Baada ya nusu saa hadi saa moja, lowesha sehemu ndogo kwa maji, subiri kidogo, kisha sugua kwa brashi iliyokatwa fupi. Kwa mikwaruzo tumia kijiti cha meno. Njano itabanduka na kijani kitatokea. Ukiiacha hadi kesho yake akriliki inakuwa imekaza na utasugua hadi kwenye plastiki. Spreyi ikiwa nzito, njano inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Maji yakizidi, inang'oka kipande kizima. Rangi iliyochanganywa na thina kali hubanduka kwa shida, kwa sababu thina inapenya spreyi na kushika kijani kilicho chini.

Kwa nini kijani na si chuma? Kwa sababu rangi ya pili ilipakwa juu ya uso wenye mafuta na vumbi, bila kupigwa msasa, hivyo ndiyo iliyoachia kwanza. Ya kiwandani ilishika. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kifaru kilichotekwa na kilichozaliwa jeshini: asilimia kubwa ya mabaka yake yanaonyesha rangi ya adui, na chuma kinatokea mahali pachache tu, pale buti na nyundo zilipogusa kila siku. Chuma hicho kipake kwa kipande kidogo cha sponji kilichochovywa rangi ya kahawia iliyokoza na kukaushwa kwenye karatasi. Kumbuka pia kipimo: doa la milimita 1 kwenye modeli ni sentimita 3.5 kwenye kifaru chenyewe. Madoa mia ya ukubwa huo yanafanya mnara uonekane umeugua ndui.

Misalaba ilipakwa mikubwa ili wapiganaji wa upande wao wasiwapige, mara nyingine hata juu ya mnara kwa ajili ya ndege. Ipake kwa kukata maski, yaani utepe wa kuziba pasipotakiwa rangi, kwa sababu alama ya kubandika hukaa laini mno juu ya uso wa kusubu. Hii ndiyo rangi mpya kuliko zote, kwa hiyo ichakae kidogo kuliko njano iliyo chini yake. Modeli ambayo msalaba wake umekwanguka zaidi kuliko njano inayouzunguka imepindua kalenda.

Rangi ya mafuta ije baada ya vanishi nyingine. Idondoshe kwenye kadibodi kwa nusu saa ili kadibodi ifyonze mafuta, la sivyo itang'aa. Ile ya kahawia iliyopunguzwa sana kwa tapentaini isiyo na harufu ipitishe kwenye mishono na kuzunguka boliti tu. Juu ya uso usio na mng'ao inaacha duara zisizofutika. Udongo wa maeneo ya Kharkov na Kursk ni mweusi ukiwa umelowa, na ukikauka huwa kijivu chenye ukahawia. Kiangazi ulipanda kama vumbi, kwa hiyo unga wa rangi utawale chini na nyuma, na usipulize vanishi juu yake, maana utapotea. Bamba la nyuma lenye mabomba mawili ya moshi wa dizeli lipate masizi meusi yasiyong'aa, na mfuniko wa tangi doa la mafuta lenye mng'ao. Cheni zilikuwa za chuma cha manganizi: rangi ya kahawia-nyeusi, na mng'ao wa penseli kwenye meno na sehemu zinazogusa ardhi. Rangi ya chungwa ya kutu haina nafasi kwenye cheni inayotembea.

Jambo la kibao cha maelezo hamkuligusa, nasi tunaliona zito. Anayeweka alama za Das Reich aandike kikosi hicho kilikuwa nani. Tarehe 10 Juni 1944 askari wake waliua zaidi ya wakazi 640 wa kijiji cha Oradour-sur-Glane, Ufaransa. Anayetaka modeli ya kutekwa bila jina hilo ana nafasi nyingine: vifaru vya M13/40 vya Italia ambavyo kikosi cha wapanda farasi cha Divisheni ya 6 ya Australia kilivitumia Tobruk, Libya, Januari 1941, vikiwa na kangaruu weupe wakubwa, au kifaru cha Kijerumani aina ya Panther, iliyoitwa Cuckoo, ambayo Waingereza waliiendesha mwaka 1944 na 1945.

Mwisho ni marekebisho mawili ya jedwali la makala yenu. Lilipendekeza rangi ya enameli juu ya spreyi ya nywele. Maji hayaipenyi vizuri, na haitabanduka kama mlivyoahidi. Pia lilisema kuba ya resini isuguliwe kavu. Isuguliwe ikiwa imelowa, na anayesugua avae barakoa, kwa sababu vumbi la resini linadhuru mapafu. Tunaomba yote mawili yachapishwe katika toleo lijalo.

Wasomaji wenu, waunda modeli